Linazima Bila Kukohoa

Tarehe 4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, isipokuwa goti la mama, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Wifi yako anakusalimu. Shangazi alikuja wiki iliyopita, akala, akasinzia, akaamka na kutusema wote. Mimi alinisema kwa kelele za funguo zangu, eti ananisikia nikiwa bado mtaa wa pili. Kwa hiyo yeye ni mzima kabisa. Baba yupo. Bado anakaa kibarazani, mguu juu ya kigoda, anasikiliza magari yanayopita na kututajia lipi lina ugonjwa gani. Masikio yake hayajazeeka.

Najua utashangaa kupata barua. Nimekupigia simu tangu Januari, inaita mpaka inachoka yenyewe. Nikasema basi, labda karatasi ataifungua.

Nina shida na gari la baba. Linazima, tena linazima likiwa mwendoni, katikati ya watu. Usukani unagoma, breki inakuwa ngumu, na nyuma yangu wananipigia honi na kunitukania mama, ambaye ni mama yako pia. Nikizungusha ufunguo linawaka palepale kama vile halikufanya kitu. Mafundi wanne wameshalichokonoa. Wa kwanza alibadilisha pampu ya mafuta, wa pili plagi, wa tatu akasafisha tangi, na wa nne aliniuliza kama nina adui.

Ndilo gari linalompeleka baba kliniki kila Jumanne ya pili ya mwezi. Wewe ulilijua kuliko sisi wote. Niambie tu ni nini. Si lazima baba ajue kwamba nimekuuliza.

Kaka yako

*

Tarehe 29 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu mama alitulea na adabu, usije ukadhani imetoka moyoni.

Mimi ni mzima. Karakana ya mabasi ninayofanyia kazi ina mabenchi kumi na mawili, na paa linavuja juu ya langu tu. Nimeweka ndoo. Mwambie mama alikande goti kwa maji ya moto na aache kupanda ngazi ya stoo. Wifi na shangazi wasalimu sana, wao hawajanikosea.

Sasa gari. Nimecheka, kaka. Nimecheka hadi mpaka rangi wa karakana akaacha kazi yake kuja kuniuliza kulikoni. Miaka mitatu iliyopita ulisimama sebuleni, baba akiwa na plasta mpaka kiunoni, mama akilia, shangazi na yule jirani fundi bati wakisikiliza, ukaninyooshea kidole: "Huyu ndiye aliyelifungua gari jana yake. Huyu ndiye aliyemvunja baba." Nilikuwa nimebadilisha bomba la mafuta siku moja kabla ya ajali. Ikatosha. Baba akageuza uso ukutani. Yeye aliyeniita Bisibisi nikiwa na miaka tisa, kwa wembamba wangu na kwa kujipenyeza nisikotakiwa, hajaniita tena kwa jina hilo wala jingine. Wewe ukabaki na funguo za karakana, mimi nikabaki na begi.

Umenipaka matope mbele ya mtu mmoja duniani ambaye neno lake nalijali. Nalitaka neno hilo lirudi. Sitaki kingine kutoka kwenu.

Nitakusaidia, lakini kwa masharti yangu, na la kwanza ni karatasi. Mwaka ule kila kitu kilisemwa kwa mdomo, na nilipouliza baadaye kila mtu alikuwa amesahau alichosema. Ndiyo maana simu zako sipokei. Safari hii utaandika.

Kila likizima, andika tarehe, mahali, na barabara ilivyokuwa. Andika linazimaje. Linakohoa na kuvutavuta kwanza, au linanyamaza mara moja? Redio inaendelea, au nayo inakatika? Taa za dashibodi je? Usiniandikie unachodhani. Wewe ukianza kudhani, watu huumia.

Na baba asipande gari hilo mpaka nikuambie. Mpeleke kwa teksi. Hii ni amri, na ndiyo, ni mimi mdogo wako ninayekuamuru.

Mdogo wako

*

Tarehe 22 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, hata kama imetokea puani.

Goti la mama ni afadhali. Ngazi ameiacha, sasa anamtuma wifi yako naye anasimama chini kutoa maelekezo. Shangazi amenunua miwani mipya na anaona makosa yetu vizuri zaidi. Baba hana neno.

Nimefanya ulivyotaka. Nimejisikia kama mtoto aliyepewa adhabu ya kuandika mistari. Haya:

Tarehe 3, kwenye reli. Tairi la mbele lilipogusa chuma tu, kimya.

Tarehe 9, lile shimo mbele ya shule. Msoma habari alikuwa katikati ya neno, redio ikakatika naye.

Tarehe 11, matuta ya hospitali. Tuta la kwanza lilipita salama, la pili likazima.

Tarehe 17, barabara ya changarawe ya kwa muuza mbao. Mara tatu ndani ya dakika kumi. Nilishuka nikalipiga teke, nikaumia kidole, usicheke.

Halikohoi hata kidogo. Linanyamaza, redio inakufa, taa zote za dashibodi zinazima, mishale inalala. Nikirudisha ufunguo nyuma na kuuzungusha tena, linawaka.

Kuna jambo moja la ajabu. Wifi yako huliendesha kila Alhamisi kwenda sokoni, ana ufunguo wake wa akiba. Njia ileile, reli ileile, shimo lilelile. Halijamzimia hata siku moja. Anasema gari linamjua mstaarabu. Mimi nimeanza kuamini maneno ya yule fundi wa nne.

Basi niambie ninunue nini, tumalize.

Kaka yako

*

Tarehe 6 Mei

Kaka,

Shikamoo. Paa bado linavuja, ila sasa wamenipa ndoo kubwa zaidi, huo ndio ukarabati. Nimefurahi kusikia miwani ya shangazi. Mwambie aitunze, ataihitaji.

Nimeshajua gari lina nini. Nilijua nilipofika kwa wifi na ufunguo wake. Niliweka barua chini nikaenda kunawa uso.

Ngoja nikufundishe kidogo, maana umekaa katika karakana ya baba miaka yote ukiuza spea bila kufungua hata boneti. Gari likikosa mafuta linakohoa. Linavuta, linaachia, linajikongoja, linakupa nafasi ya kusogea pembeni, na taa zake zinabaki zinawaka. Lako linanyamaza na kuzima kila kitu. Hapo hakuna pampu, hakuna plagi, hakuna tangi. Umeme wote unakatwa mara moja, kisha unarudi.

Sasa kumbuka hospitali. Baba siku hizi asubuhi ya ajali haikumbuki, kwa vile aligonga kichwa, lakini alipofumbua macho alisema maneno haya, nami nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda: "Lilinyamaza. Kila kitu kilizima, usukani ukagoma, nikaenda mtaroni." Lilinyamaza, kaka. Nilikuwa na uchungu mwingi siku ile, sikuyapima maneno. Nimeyapima juzi. Hata kama bomba nililofunga mimi lingepasuka vipande viwili, lisingeweza kuzima taa.

Miaka mitatu nimelala nikijiuliza ni nati gani sikuikaza. Miaka mitatu! Wewe ulikuwa unalala usingizi wako.

Kwa hiyo sikuambii ununue nini. Kwanza utanijibu. Jioni ya kabla ya ajali nililirudisha gari, nikautundika ufunguo wa baba kwenye msumari wake nyuma ya mlango, uko peke yake, na ule uzi wake mwekundu. Baada ya ajali niliukuta kwenye msumari uleule, na uzi uleule. Baba alitolewa garini hajitambui, akapelekwa hospitali moja kwa moja. Nani aliurudisha ufunguo msumarini? Na asubuhi ile, baba alipoondoka, ufunguo huo ulikuwa peke yake?

Halafu, tarehe 11 ilikuwa Jumanne ya pili. Ulikwenda hospitali kumpeleka nani?

Mdogo wako

*

Tarehe 19 Juni

Mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu. Nilikuwa na mambo mengi. Mama hajambo. Wifi yako hajambo. Stoo imepakwa rangi.

Nitasema wazi kwamba barua yako ilinikata maini. Nimekuuliza habari ya gari, wewe unanihoji kama polisi. Mtu anajua dawa halafu anamwambia mgonjwa apige magoti kwanza! Habari za misumari na nyuzi za miaka mitatu nitazikumbuka wapi? Taja kifaa tu. Kama hutaki, sema hutaki, nitatafuta fundi wa tano.

Niliacha barua hapo juu nikaenda kutembea. Nimerudi.

Jumanne iliyopita nilimpeleka baba kliniki. Najua ulisema nini. Ningemwambia teksi angeniuliza gari lina nini, na ningemwambia lina nini angeniuliza nani kasema. Ndiyo maana nimekuwa nikimpeleka mwenyewe, na tarehe 11 pia nilikuwa naye. Kwenye mzunguko mkubwa kuna kiraka cha lami kilichoinuka. Tukakipanda, likanyamaza. Lori la mchanga lilikuwa linakuja kwa upande wa baba. Nilimwona dereva akisimama juu ya breki kwa miguu yote miwili. Liliposimama, bampa lake lilikuwa karibu na mlango wa baba kiasi kwamba asingeweza kuufungua.

Mimi nilipiga kelele. Baba hakupiga. Aliangalia mbele tu, akasema neno moja: "Tena."

Tangu siku hiyo hajanisemesha. Hasikilizi hata magari. Anasikiliza nikitembea.

Kaka yako

*

Tarehe 22 Juni

Kaka,

Leo hakuna shikamoo. Barua hii nimempa dereva wa basi letu aipeleke mkononi kwako.

Roho imenipaa. Nimesoma habari ya lori mara mbili, kisha nikakaa chini kwenye sakafu yenye grisi. Baba asipande tena gari hilo, hata kwenda dukani. Ukimpandisha nitakuja, na sitakuja kusalimia.

Ni pete yako ya funguo.

Ufunguo wa karakana, wa duka, wa geti, wa stoo, wa sanduku la zana la baba, wa makufuli ambayo milango yake ilishabomolewa. Tangu baba alipokupa duka usimamie, umekusanya kila ufunguo wa ukoo ukauning'iniza kwenye pete moja, upite ukilia kama mkuu wa magereza, watu wajue nani mwenye nyumba. Na pete hiyo yote umeifunga kwenye ufunguo wa gari. Uzito wake umeila swichi ya kuwashia, pale unapochomeka ufunguo. Imelegea. Gari likirushwa kidogo, rundo lako linayumba, linavuta ufunguo, umeme unakatika. Wifi ana ufunguo mmoja mwembamba, hauvuti kitu. Ndiyo maana gari linamjua mstaarabu.

Baba alikukataza kuitundika mle. Nilikuwepo alipokukataza. Wewe ulicheka.

Sasa fanya hivi. Liweke gari uani, magurudumu yazuiwe kwa matofali. Mlete baba na kiti chake mpaka mlangoni mwa dereva. Mama awepo, shangazi awepo na miwani yake, fundi bati aitwe, maana walikuwepo ile siku nyingine. Washa injini. Kisha baba aishike pete yako kwa mkono wake, aiinue, aiachie. Usimwelezee kitu. Mwache asikie.

Halafu ujibu maswali yangu mawili, mbele yao, na kwa karatasi.

Nakala ya barua hii iko kwa shangazi, imefungwa. Zikipita Jumapili mbili hujafanya, ataifungua aisome kwa sauti. Unaijua sauti ya shangazi.

Mdogo wako

*

Tarehe 3 Julai

Mdogo wangu,

Nimefanya, jana, Jumapili ya pili, shangazi akiwa ameshaishika bahasha mapajani.

Baba alisogezwa na kiti chake. Nikawasha. Aliingiza mkono, akainua pete, akaiachia. Likanyamaza. Akaniambia, "Washa." Akaiachia tena. Likanyamaza. Mara nne. Ya tano aliitikisa kidogo tu kwa kidole, nalo likanyamaza. Fundi bati alikuwa anaangalia viatu vyake. Mama alikwenda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Kisha baba akaichomoa pete, akaiweka mapajani, akaanza kuvua ufunguo mmoja mmoja. Kila mmoja aliniuliza, "Huu wa wapi?" Zilikuwa kumi na tisa, ukiacha wa gari. Saba nilizijua. Nyingine nilisema sijui, nikasema tena sijui, mbele ya watu wote, mpaka shangazi akaniambia nikae chini.

Haya ndiyo majibu yako. Nimeyasema kwa mdomo, sasa nayaandika.

Asubuhi ile nililichukua gari bila kuaga nikaenda kufungua duka. Niliuvua ufunguo kwenye uzi nikauingiza kwenye pete yangu. Niliporudi baba alikuwa amechelewa, akainyakua pete yote mkononi mwangu, akasema, "Utaliua gari langu na hili duka lako." Akaondoka. Nusu saa baadaye nikaitwa. Kati yetu nilifika wa kwanza. Alikuwa amelala juu ya usukani, damu imemfika shingoni, na pete yangu inaning'inia pale. Kabla sijamshika baba, nilishika pete. Niliichomoa nikaitia mfukoni. Walipompeleka hospitali nilirudi nyumbani, nikaufunga ufunguo kwenye uzi, nikautundika.

Sikujua kwamba ndiyo iliyozima gari. Naapa. Nilijua tu kwamba alinikataza, nikaogopa. Ulipoingia na mikono yako ina grisi, nikakuona wewe. Baadaye nikaanza kuamini niliyoyasema, na pete nikairudisha garini kana kwamba kuiacha kungekuwa kukiri.

Nilipomaliza kusema, baba hakunipiga wala hakunitukana. Nilitamani afanye kimojawapo. Akauliza, si mimi, alimwuliza mama: "Bisibisi yuko wapi siku hizi?"

Shangazi ndiye aliyemjibu.

Ufunguo uliomo ndani ya bahasha hii ni wa sanduku lake la zana. Uzi ameufunga mwenyewe. Ilimchukua muda, na alikataa kusaidiwa.

Nisamehe.

Kaka yako

*

Tarehe 16 Julai

Kaka,

Shikamoo.

Ufunguo umefika. Nimeuvaa shingoni chini ya ovaroli. Mpaka rangi ameniuliza kwa nini nalia nikiwa nimetabasamu, nikamwambia paa linavuja.

Kuhusu neno lako la mwisho, hapana. Labda siku moja, lakini usikae mlangoni kulisubiri. Miaka mitatu nimekuwa nikipanga kisasi changu nikiwa chini ya mabasi, chali, mafuta yakinidondokea usoni, na siachi sasa kwa sababu umeandika vizuri. Ulimwambia fundi bati uongo, naye sasa amesikia ukweli. Lakini ulimwambia pia muuza mbao. Ulimwambia muuza matairi, mama wa duka la dawa, na yule bosi wa malori aliyekuwa ameshaniahidi kazi, kisha ghafla akawa hana nafasi. Utakwenda kwa kila mmoja. Utakwenda kwa miguu. Utasema, "Nilimsingizia mdogo wangu, aliyemvunja baba ni mimi." Maneno hayohayo, usiyapambe. Zile funguo nyingine kumi na nane uzibebe mfukoni njia nzima.

Nakuja Jumamosi. Nimeomba likizo ya wiki mbili. Swichi nitaibadilisha mimi, uani, baba akiwa kwenye kiti chake anasikiliza. Wewe utanishikia taa na kunipa spana nitakayoitaja, na ukinipa siyo, nitakurudisha sandukuni mbele yake ukatafute tena.

Usihangaike kutafuta swichi. Ninayo.

Nilitaka kuishia hapo. Nimekunja karatasi, nimeikunjua.

Ninayo tangu tarehe 8 Mei. Niliinunua siku mbili baada ya kukuandikia kwamba sikuambii. Imekuwa ndani ya droo ya benchi langu, kwenye kiboksi chake, na kila asubuhi nilikuwa naifungua droo naiangalia, nasema, bado, hajakiri. Ningeweza kuitia ndani ya bahasha yoyote. Ningeweza kuandika mstari mmoja tu: toa funguo nyingine zote, uache mmoja. Nilijua kwamba ulimpandisha baba tarehe 11, nilikuuliza mwenyewe. Nilijua kwamba utampandisha tena. Nilitaka karatasi yako kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote, na siku ile lori lilipomsimamia baba mlangoni, swichi ilikuwa droo ya pili, kulia kwangu, nami nilikuwa nakunywa chai.

Hili hujui, mama hajui, na hakuna karatasi inayoweza kulithibitisha ila hii. Ningeweza kuliacha lifie hapa karakana. Lakini hivyo ndivyo ulivyofanya wewe, na siwezi kufungua sanduku la baba nikiwa nimefanana na wewe.

Basi Jumamosi tutakuwa wawili wa kusimama mbele ya kiti chake. Yeye ataamua kama nitabaki kuwa Bisibisi.

Wewe utaanza.

Mdogo wako